Mashine ya Mjane na Sinki la Mama Mlezi

Mama Mlezi alikuwa na sahani mia moja na kumi na mbili, na hakuna mbili zilizofanana. Alizinunua moja moja, kwenye maduka ya mitumba na kwenye ile minada ya uani ambayo Wamarekani hufanya Jumamosi wanapotaka kupunguza vitu nyumbani. Nyingine zilikuwa na maua ya waridi, nyingine zilikuwa na mzunguko wa bluu, na moja ilikuwa na picha ya bata mzinga aliyevaa kofia. Hiyo ndiyo watu wazima waliyoigombania. Alizipanga katika makreti ya maziwa nyuma ya gari lake refu lenye mlango wa kusukuma, na kila palipokuwa na shughuli ya Watanzania upande wa Maryland, iwe harusi, arobaini, Idi, Krismasi au sherehe ya Uhuru, makreti yale yalifika. Pilau iliweza kuchelewa. Mwenyekiti aliweza kuchelewa, na alichelewa kweli. Sahani hazikuchelewa hata siku moja.

Mimi niandikaye haya si mtu wa kubabaishwa na sahani. Niliondoka Singida kwenda Marekani na begi moja la mkononi na sweta la kuazima. Nilirudi na stashahada ya ufundi wa vyombo vya umeme vya nyumbani, nikafungua karakana Dodoma, na leo hoteli ya mji huu ikiharibikiwa na jokofu au mashine ya kuoshea vyombo, simu inayolia ni yangu. Stashahada yenyewe imetundikwa juu ya kaunta, mahali ambapo mteja hawezi kusema hakuiona. Nasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba ninapokiri kuwa mwanamke huyu alinishinda katika fani yangu mwenyewe, aliyeshindwa hakuwa mtu mdogo.

Cheo cha Mama Mlezi kilitoka kwenye katiba ya jumuiya yetu ya Watanzania, iliyosema pawe na mwenyekiti, katibu, mweka hazina na mlezi. Wenyeviti walibadilika. Makatibu waligombana. Mimi nilikuwa katibu msaidizi vipindi viwili bila kupingwa. Mlezi akabaki huyohuyo. Jina lake lilikuwepo kwenye orodha ya simu, lakini sikumbuki aliyelitumia. Hata Wakenya na Wakongo waliokuja kwenye shughuli zetu kwa ajili ya chakula walimwita Mama Mlezi, na mtoto wake wa mwisho, aliyezaliwa huko na kujibu kila kitu kwa Kiingereza, Kiswahili alichokitamka bila kuombwa kilikuwa hicho.

Siku za kazi alimhudumia bibi mmoja wa Kimarekani aliyepita miaka tisini, huko Bowie. Alimwogesha, alimlisha, alimkatalia sigara. Jioni alirudi Lanham kwenye nyumba yake ya matofali, akavua viatu mlangoni, na kabla hajakaa alikuwa ameshaulizwa mambo matatu kwenye simu. Nani amepata kazi? Nani amepigwa faini? Nani amehama kwa nani? Alikuwa mkali sana juu ya umbea, na kila umbea ulipita kwake kwanza.

Nakumbuka aliponisindikiza Upper Marlboro, mahakamani, kwa kosa langu la kupita taa nyekundu. Alikuja na kanga juu ya koti la baridi na sahani ya vitumbua iliyofunikwa karatasi ya fedha.

"Mama, huku si kwa balozi wa nyumba kumi," nikamwambia. "Jaji hali vitumbua vya mshitakiwa."

"Si vya jaji, baba. Ni vya yule mlinzi wa mlangoni. Mahakama yoyote inaanzia mlangoni."

Mlinzi alikataa, sheria haimruhusu. Tukavila sisi kwenye gari, na kurudi ndiye aliyeendesha. Mwanamke ambaye hakuruhusu mtu kusema "mjinga" nyumbani kwake alitukana kwenye Beltway, ile barabara kuu inayouzunguka mji wa Washington, kuanzia njia ya kuingilia mpaka ya kutokea, kwa Kiswahili safi, madirisha yamefungwa, akitabasamu. "Hawasikii," alinieleza. "Na mimi nimepumua."

Sasa nije kwenye sinki.

Sheria ya Mama Mlezi ilikuwa moja. Aliyekula kwenye sahani yake anaiosha. Hakutaka kusikia habari za sahani za kutupa. "Sahani ya karatasi," alisema, "unakula leo, kesho haikujui." Lakini watu themanini hawawezi kuosha kwa pamoja, kwa hiyo alichagua wawili wawili, na hakuchagua ovyo. Wiki nzima kabla ya shughuli alikuwa ameshajua kwa simu nani hamsalimii nani. Basi baada ya kula utamsikia, sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba chumvi: "Wewe baba utaosha. Na wewe utafuta." Wawili hao ndio waliokuwa hawajasemeshana tangu mfungo.

Niliwahi kumuuliza kwa nini asiwakalishe tu kitako kama wazee wengine, awasemeze. Alinitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini wali unapikwa kwa maji.

"Ukiwakalisha, kila mmoja anaondoka na neno lake. Anayeosha hawezi kuondoka, mikono imelowa. Anayefuta hawezi kuondoka, sahani inakuja."

Nilishuhudia kwa macho yangu. Wagombea wawili wa uenyekiti, watu wenye tai, waliwekwa pale baada ya sherehe ya Uhuru. Sahani ishirini za kwanza kimya kitupu. Kuanzia ya ishirini na moja wakaanza kubishana kama sahani isuuzwe kwa maji ya moto au ya baridi. Ilipofika ya bata mzinga, mmoja akasema, "Huyu na kofia yake ananikumbusha mwenyekiti aliyepita," na mwenzake akacheka mpaka akaegemea jokofu. Mama Mlezi alikuwa sebuleni akisuka nywele za mtoto wa watu. Hakugeuza hata shingo.

Na mimi nilikuwa na wangu nisiyesemeshana naye. Selemani tulikua naye Singida mtaa mmoja, dawati moja, na huko Falls Church, Virginia, ng'ambo ya mto, tulikaa chumba kimoja, kwenye magorofa karibu na barabara ya Ruti 7. Yeye alikuwa akisomea kompyuta na kuegesha magari ya watu. Mimi nilipata kazi kwenye jiko la hoteli kubwa, kuosha vyombo. Mashine ya pale ilikuwa ndefu kama basi dogo. Sahani zinaingia chafu upande huu, zinatoka upande ule zikifuka mvuke. Siku moja niliazima koti jeupe la mpishi, nikasimama kando yake, mkono juu ya vitufe, nikapigwa picha. Nikaituma kwa mama yangu. Nyuma niliandika, "Mimi na mtambo wangu."

Ukisoma haraka, huo si uongo. Lakini picha ilipita nyumba kwa nyumba, na ilipofika mwisho wa mtaa nilikuwa mhandisi mkuu wa hoteli.

Halafu siku moja Selemani alipiga simu kwao kwa kadi ya kukwangua. Mama yangu alikuwa kwao siku hiyo, akapewa simu, na Selemani akamwambia kwamba mwanawe anaosha vyombo. Habari ilinifikia kwa barua ya mdogo wangu, ambaye alikuwa na mwandiko mzuri na hakuwa na huruma. Aliandika kwamba mtaani sasa naitwa Mhandisi wa Masufuria. Niliporudi kutoka kazini siku hiyo nilianza kufungasha. Selemani alikuwa mlangoni, ameshika mkate.

"Ngoja basi nikueleze," alisema.

"Usinieleze kitu," nikamwambia, na nikahamia Lanham.

Jina lilivuka bahari likanifuata. Vijana wa jumuiya walilipokea kama zawadi. Muthoni, muuguzi Mkenya aliyekuwa akiishi nyumba ya tatu kutoka kwa Mama Mlezi, alilipenda kuliko wote. "Wee Mhandisi, kuna sufuria hapa imekataa ku-start, kuja uiangalie!" Mama Mlezi peke yake hakuniita hivyo. Aliniita baba, kama alivyowaita vijana wote, na siku ya kwanza tu alinibana jikoni.

"Umegombana na mwenzio kwa nini?"

"Alinivunjia heshima, Mama."

"Alisema uongo?"

Nikachukua kitambaa, nikafuta meza iliyokuwa safi.

"Haya," alisema. "Mtaosha pamoja. Nikipata nafasi."

Nafasi hiyo nilihakikisha haipatikani. Selemani akija kwenye shughuli, mimi nitakuwa na spika za muziki, au na mkaa wa nyama choma uani, au nimeitwa kazini ghafla. Nikajiandikisha chuo cha ufundi, masomo ya jioni, kwa sababu niliamua jambo moja: ule uongo wa nyuma ya picha nitaugeuza kuwa kweli. Na niliugeuza. Watu wengi hudanganya kwao. Ni wachache wanaorudi kuulipia uongo kwa kusoma.

Somo la kwanza kabisa lilikuwa juu ya mashine ya kuoshea vyombo. Mwalimu wetu, Mmarekani mweusi mwenye sauti ya mhubiri, hakugusa bisibisi siku hiyo. Alisimulia. Zamani, alisema, kuna mtu aliyetengeneza sanduku la mbao lenye mpini. Unazungusha mpini, maji yanarukia sahani, na sahani zinatoka chafu kama zilivyoingia, ila zimelowa. Halafu akatokea mama mmoja wa jimbo la Illinois, mtu wa karamu na wageni, mwenye sahani za kauri za thamani. Watumishi wakiziosha, zinatoka na mapengo pembeni. Akasema ataosha mwenyewe, akaosha, akaichukia kazi ile kwa moyo wote. Mumewe akafa, na yeye akaingia bandani nyuma ya nyumba. Akapima sahani zake moja baada ya nyingine, akasuka vitundu vya waya kila kimoja kwa kipimo cha chombo chake, akavizungushia kwenye gurudumu ndani ya boila la shaba. Fundi makanika akamsaidia. Wengi waliomtangulia walikuwa wamefikiria kusugua. Yeye alifikiria kuyarusha maji ya moto yenye sabuni kwa nguvu, chombo kikae kitulie. Mashine zote nilizofungua maishani mwangu, za hoteli na za nyumbani, bado zinafuata wazo la mjane yule.

Mashine ikaenda kwenye maonyesho makubwa ya Chicago, na wenye hoteli wakaipenda. Wenye nyumba wakaikataa. Wengi hawakuwa na maji ya moto ya kutosha. Wengine walisema, hapana, kuosha vyombo jioni ndiyo mapumziko yetu. Ikachukua miongo ya miaka mpaka jiko la kawaida likaipokea. Mwalimu alicheka sana hapo, na darasa zima likacheka naye, na mimi nikacheka kuliko wote, maana ndimi pekee niliyekuwa nimetoka kuosha sahani za watu mia nne saa mbili kabla.

Jumamosi hiyo nilimpelekea Mama Mlezi hadithi hii kama mtu anayepeleka nyama. Alikuwa akichambua mchele. Aliacha kuchambua.

"Mjane?"

"Mjane, Mama."

"Kama mimi." Alifikiri kidogo. "Na aliosha peke yake?"

"Peke yake, baada ya kuwatoa watumishi."

"Ndiyo shida hiyo. Angeosha na mwenzie, leo msingekuwa na mashine."

Tangu hapo hadithi ikawa yake. Aliisimulia kwenye kila shughuli, na kila aliposimulia mjane alizidi kufanana na mtu wa kwetu. Kwenye harusi mjane alikuwa na wifi mkorofi. Kwenye arobaini alikuwa na mashemeji waliotaka kumnyang'anya nyumba. Nilijaribu kusahihisha mara moja, kama msomi. Aliniambia, "Baba, wewe una kitabu. Mimi nina watu wanaosikiliza."

Lakini yeye mwenyewe, na huu ndio mwisho wa maajabu, alikuwa na mashine ya kuoshea vyombo nyumbani kwake. Ilikuja na nyumba. Hakuwahi kuiwasha. Trei ya juu ilikuwa ya kuchujia vikombe na ya chini ya kuchujia sufuria. Akishaosha kwa mkono alivuta mlango, akapanga, akafunga, basi. Tanuri la jiko nalo lilikuwa kabati la vikaango. Muthoni aliwahi kuliwasha bila kuchungulia ili aoke keki, na tulikula moshi wa mpini wa plastiki wiki nzima. Usimcheke Mama Mlezi. Nimeingia kwenye nyumba nyingi za watu wetu, Falls Church, Lanham, kote, na kila mashine ya vyombo niliyofungua ilikuwa na maji yanayodondoka kutoka kwenye vyombo vilivyooshwa kwa mikono. Ni desturi yetu. Tulipewa mashine, tukaifanya chanja.

Kisha mikono yake ikaharibika. Ilianza kama ukavu, halafu ngozi ikapasuka katikati ya vidole, halafu ikawa inatoka damu akikunja ngumi. Sabuni za kazini kwa yule bibi, sabuni za nyumbani, na kila wiki makreti yale ya sahani, maana yeye ndiye aliyeanza na yeye ndiye aliyemalizia. Glavu za mpira zikazidisha. Daktari akamwambia maji na sabuni basi, na akampa glavu nyeupe za pamba za kuvaa mchana kutwa. Akawa anaonekana kama askari wa gwaride.

Kwenye kikao cha jumuiya mtu akainuka akapendekeza tuhamie sahani za kutupa. Mama Mlezi aliinua mkono wake wenye glavu.

"Siku hiyo tafuteni na mlezi wa kutupa," alisema.

Pendekezo likaishia hapo. Lakini baada ya kikao alinivuta pembeni. Mwezi uliofuata ulikuwa wa Idi, na Idi ile ingefanyika kwake. "Mimi siwezi kugusa maji," alisema. "Kwa hiyo sinki nawaachia wewe na Selemani. Nimeshampigia. Atakuja na taulo lake."

Sitaki kujipamba hapa. Nusu ya niliyofanya baadaye niliifanya kwa ajili ya mikono yake. Nusu nyingine niliifanya ili nisisimame pale sinkini na Selemani.

"Mama," nilimwambia, "sinki la nini? Nitaifufua mashine yako."

Stashahada ilikuwa na wiki tatu tangu nikabidhiwe. Nilikuja na sanduku langu la vifaa, nikatoa vikombe vyote, nikalala sakafuni. Mashine isiyotumika hufa haraka kuliko inayotumika. Hilo watu hawalijui. Mpira wa mlango ulikuwa umekauka kama ngozi ya ngoma. Pampu ilikuwa imekabwa na kipande cha mwiko uliovunjika enzi ambazo hakuna aliyezikumbuka. Nilibadilisha, nikasafisha, nikafunga, nikabonyeza kitufe, na mashine ikavuta pumzi na kuanza kunguruma. Mama Mlezi aliweka mkono wenye glavu juu ya mlango wake, akausikiliza kama anayesikiliza tumbo la mjamzito.

"Mhandisi," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza. Nilitoka pale nimerefuka.

Idi ikafika. Watu sitini, ghorofa zote mbili na chini. Tulikula mchana pilau ya kuonea fahari, na baada ya kula makreti yakaletwa jikoni, na watu kwa mazoea wakajaa nyuma yake. Selemani alikuwepo. Alikuwa amevuka mto kutoka Falls Church, amevaa kanzu mpya, taulo la jikoni la mistari myekundu begani, amekunja mikono ya kanzu mpaka kwenye kiwiko. Alinisalimia. Nikaitikia kama anayejibu karani.

Nikaipakia mashine. Iliingiza sahani kumi na nne. Nikawaeleza watu habari za mjane, za vitundu vya waya, za maji ya moto, halafu nikabonyeza. Watu wakapiga makofi. Kisha tukasubiri.

Mashine ya nyumbani haina haraka. Ile ilichukua zaidi ya saa nzima, na sahani zilizosubiri zilikuwa arobaini na kitu. Watu walisimama wakitazama mlango wa chuma uliofungwa. Hakuna aliyekuwa na cha kushika. Waliokuwa wamekuja na ugomvi wao walisimama nao, kila mtu upande wake.

"Mhandisi," alisema Muthoni, "kwani hii inaosha ama inapika? Ni kama tuko matanga, ni vile tu maiti ndiyo inaongea."

Watu walicheka, kisha wakarudi kuutazama mlango. Mama Mlezi alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, glavu zake mapajani. Aliniita.

"Baba, hizi zilizobaki tusiziweke. Wewe osha, Selemani afute."

"Hapana, Mama, usijali. Itazimaliza yenyewe."

"Najua itazimaliza."

"Sasa?"

Akageukia dirisha. Mmoja baada ya mwingine watu walianza kutafuta viatu vyao. Wana shifti, wana watoto, wana safari ya Baltimore. Selemani alisubiri mpaka raundi ya pili ilipoanza kunguruma. Kisha alilishusha taulo begani, akalikunja mara mbili, akalitundika kwenye mpini wa mashine.

"Kazi imeisha, Mama," alisema. "Mashallah, ina fundi wake."

Akaenda. Niliona gari lake likirudi nyuma taratibu kwenye uwanja wa majirani. Nilikuwa na nafasi ya kutoka kumwita. Nilikuwa nimesimama, mikono yangu mikavu, hakuna sahani iliyokuwa ikija.

Raundi ya mwisho iliisha magharibi. Tulikuwa tumebaki watatu: Mama Mlezi, Muthoni na mimi. Mama Mlezi alichukua sahani ya bata mzinga, akaigeuza kwenye mwanga. Nilisubiri sifa.

"Imetakata," alisema. "Imetakata sana." Akairudisha kwenye kreti.

Baada ya hapo mashine niliyoifufua ilifanya kazi bila kosa, na shughuli zetu zikawa zinaisha mapema. Mikono yake ilipona kiasi, lakini makreti hayakutoka tena kila wiki. Miaka miwili baadaye nikarudi nyumbani na vifaa vyangu, stashahada yangu na kontena la majokofu ya mitumba. Katika kufungua mizigo nilikuta taulo la mistari myekundu. Nililichukua siku ile kwa nia ya kulifua na kulirudisha. Nilikuwa nimelifua.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa hapa Dodoma. Alikuwa amekuja likizo, kuona ndugu wa marehemu mumewe Kondoa, akapiga simu kwamba atapita kwangu kula. Nilijiandaa kama anakuja waziri. Mke wangu alipika kuku wa kienyeji na wali, na mimi niliing'arisha mashine ya vyombo niliyoifunga jikoni kwangu, ya kwanza mtaani, labda ya kwanza katika kata. Asubuhi yake niliosha sahani zote humo, hata zilizokuwa safi, ili akifungua aone zimepangwa.

Gari likaingia. Mama Mlezi akashuka, kanga mabegani, mwepesi kuliko nilivyomkumbuka, mikono wazi bila glavu, ina alama nyeupe katikati ya vidole. Kisha mlango wa dereva ukafunguka na akashuka Selemani. Alikuwa na kitambi na mvi mbili tatu.

"Amerudi Singida tangu mwaka jana," alisema Mama Mlezi. "Nimemwambia aniendeshe. Humkaribishi?"

Nikamkaribisha. Tukala. Mazungumzo yote yalipita kwa Mama Mlezi, kama kwenye soko ambako wauzaji wawili wana mkalimani mmoja. Tulipomaliza nilikusanya sahani, nikaenda jikoni, nikaanza kueleza kwa sauti ili wasikie sebuleni: mashine hii ina hatua tano, hii hapa ya vyombo vyenye mafuta mengi, hii ya glasi...

Akaja akasimama mlangoni.

"Umeme mnao?"

"Upo, Mama. Wiki hii haujakatika kabisa."

"Mimi nasema haupo."

Mke wangu alinyanyua macho kuitazama taa, ambayo ilikuwa inawaka. Mama Mlezi akamshika mkono, wakatoka naye uani kutazama mboga. Alisema bila kugeuka, sauti ya kuomba chumvi: "Wewe baba utaosha. Selemani atafuta."

Nikafungua bomba. Nikavuta droo, nikatoa taulo la mistari myekundu, nikampa. Alilitazama upande huu na upande ule, akaliweka begani.

Sahani nne zilipita. Ya tano aliirudisha majini.

"Hii bado ina mafuta."

"Haina."

"Ina. Pitisha kidole."

Nikapitisha kidole. Ilikuwa nayo. Nikaiosha tena, na wakati naiosha, macho yangu yakiwa ndani ya sinki, nilimuuliza nilichokuwa sijamuuliza kwa miaka yote ile.

"Kwa nini ulimwambia mama?"

Hakuuliza kumwambia nini.

"Alikuwa analia kwenye simu," alisema. "Alisema sauti yako imepungua. Alisema huyu mtoto ni mhandisi wa hoteli lakini kila nikiongea naye nasikia njaa. Mimi ningemwambia nini? Nikamwambia, mama, yule hawezi kufa na njaa, anaosha vyombo kwenye hoteli ya watu mia nne, wanayobakiza tu yanalisha kata nzima. Akaacha kulia. Akacheka, akasema, basi sasa nitalala." Alifuta sahani, akaiweka juu ya nyenzake. "Nilikuwa nakuletea mkate nikueleze. Ukasema nisikueleze kitu."

Ningetoka. Mtu wa aina yangu, kwenye neno kama lile, hutoka nje akajifanya anapokea simu. Lakini mikono ilikuwa imelowa mpaka kwenye viwiko, na yeye alikuwa amenyoosha mkono wake akisubiri sahani.

Nikampa. Nikampa nyingine. Zilikuwa chache; tulikuwa watu wanne tu. Ya mwisho alipoimaliza tulisimama, bomba likidondosha, na uani tulimsikia Mama Mlezi akimsimulia mke wangu habari za mjane mmoja wa Illinois aliyekuwa na wifi mkorofi.

Selemani akainama, akafungua mlango wa mashine yangu. Akaziona zile sahani nilizozipanga asubuhi, zinang'aa, zimekaa kila moja kwenye kitundu chake. Akazitoa mbilimbili, akazizamisha kwenye sinki.

"Na hizi," alisema, "ni chafu."

Nikaongeza sabuni.